Linapanda Mlima, Tambarare Linakohoa

Gari la petroli la zamani likizimika njiani, kila anayesogea kutazama atasema ni kabureta. Watafungua kabureta, watapuliza jeti, watanyonya mpira wa mafuta, watagongagonga tanki, na mara nyingi gari halitasogea. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Same. Magari haya ninayoyapokea, hasa Land Rover za petroli, husumbuliwa na moto, yaani umeme wa cheche, mara nyingi zaidi kuliko mafuta. Na moto huo wote hupita kwenye kifaa kimoja kidogo kilichosimama ubavuni mwa injini, chenye kofia nyeusi na waya tano kichwani. Hicho ndicho distribyuta.

Inaniuma kuona distribyuta nzima inang'olewa na kutupwa kwa sababu tu hakuna aliyejua kuisoma. Inaniuma zaidi kumwona mzee wa mlimani amebeba mfuko wa vipuri vipya alivyoshauriwa kununua kimoja baada ya kingine, huku gari lake bado linakohoa. Distribyuta ya zamani haina siri. Ukiondoa kofia, kila kinachotendeka ndani unakiona kwa macho, na kisichoonekana unakipima kwa taa ndogo ya tasta. Ninachoomba kwa kila mwenye gari la namna hii ni kwamba kipimo kitangulie, na duka la vipuri lije baadaye.

Magari yenyewe bado yapo. Land Rover Series II ilitoka mwaka 1958 na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286, na injini hiyo iliendelea kutumika hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi zimeshawekewa injini za dizeli, na dizeli haina plagi za cheche wala distribyuta, kwani mafuta yake huwaka kwa joto la mgandamizo. Zilizobaki na petroli zinapendwa na wenyewe kuliko inavyoelezeka. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na magari mengi yaliyofika pale yalikuwa ya umri wa kustaafu. Ninayoyaeleza hapa yanafaa pia kwa Peugeot 404 na 504, kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, na kwa Corolla za zamani. Jina la mtengenezaji na vipimo hutofautiana, lakini kazi ni ileile.

Kazi yenyewe ni hii. Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka pengo la plagi ndani ya silinda iliyojaa hewa iliyobanwa. Koili hupokea umeme huo mdogo na kuutoa ukiwa maelfu ya volti, ila huutoa pale tu umeme mdogo unapokatwa ghafla. Wa kuukata ni pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Katikati ya distribyuta kuna mhimili wenye kemu ya pembe nne, na kila pembe inapopita chini ya kisigino cha pointi, pointi hufunguka, umeme hukatika, koili hutoa moto mkubwa. Moto huo hurudi kwenye distribyuta kupitia waya mnene wa katikati ya kofia, hushuka kwenye kijiti cha kaboni chenye springi, huingia kwenye rota inayozunguka, na rota huurushia waya wa plagi ambayo zamu yake imefika. Kwenye Land Rover zamu ni 1-3-4-2. Kondensa, kile kimkebe kidogo chenye waya mmoja, huufyonza umeme ambao ungeruka kati ya pointi na kuziunguza. Charles Kettering wa kampuni ya Delco huko Marekani ndiye aliyeufikisha mpango huu kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa karne iliyopita, na ulitumika duniani kote kwa zaidi ya miaka sitini bila kubadilika sana.

Piga hesabu kidogo uone uzito wa kazi hiyo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, distribyuta huzunguka nusu yake, mara 1500, na kila mzunguko hutoa cheche nne. Hizo ni cheche 6000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Pengo la pointi kwenye distribyuta nyingi za Lucas ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Vumbi la Makanya likiingia hapo, au grisi ya kidole cha mtu, cheche zinaanza kupotea na injini inaanza kumisi.

Wilaya yetu ina maadui wawili wa distribyuta, na kila mmoja ana upande wake. Huku chini, Same mjini, Makanya, Hedaru, ni joto na vumbi. Huko juu, Mbaga na vijiji vinavyouzunguka msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2462, ni ukungu na manyunyu. Gari lililolala nje Mbaga linaweza kukataa kuwaka asubuhi na kuwaka vizuri saa nne jua likishatoka. Mwenye gari akiniambia hivyo, siulizi habari za mafuta. Namwambia afungue kofia ya distribyuta, aifute ndani kwa kitambaa kikavu kisafi, afute na waya zote na kichwa cha koili, kisha awashe. Maji yakikaa ndani ya kofia, moto mkubwa hauendi kwenye plagi. Unatambaa juu ya unyevu na kushuka kwenye bodi.

Lakini kufuta si mwisho wa uchunguzi. Ipeleke kofia kwenye mwanga uigeuze polepole. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, kutoka kituo kimoja cha shaba kwenda kingine au kwenda ukingoni, hiyo ni njia ambayo moto umejichimbia mwenyewe kwenye plastiki. Imeshakuwa kaboni, na kaboni inapitisha umeme hata kiangazi. Kofia hiyo haisafishwi ikapona, inabadilishwa. Ufa mdogo nao ni hivyohivyo. Na kuna kipimo cha usiku ninachokipenda: fungua boneti gizani injini ikiwa inaunguruma, usimulike tochi, tazama tu. Moto unaovuja kwenye waya au kwenye kofia utauona kwa macho, wa buluu, ukiruka pale ambapo haukustahili kuwa.

Sasa gari likiwa halina cheche kabisa, tafuta kwa kukata njia katikati. Chukua plagi nzima ya akiba, ichomeke kwenye mojawapo ya waya za plagi, ilaze chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta, kisha mwenzako apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio inamaanisha moto upo, nenda kaangalie mafuta au taimingi. Hakuna cheche? Chomoa waya mnene wa katikati ya kofia, ushike kwa plaizi yenye mpira mzima, ncha yake iwe milimita sita hivi kutoka chuma cha injini, piga stata tena. Hapa ndipo njia inapogawanyika. Cheche ikiruka hapa na kule kwenye plagi hakuna, koili na pointi ni wazima, na ugonjwa uko kwenye kofia, rota au waya. Isiporuka hata hapa, achana na kofia, shuka kwenye koili, pointi, kondensa na waya ndogo. Kwa majaribio haya mawili umeshajua ni nusu gani ya kuachana nayo. Naomba yasifanywe na mwenye ugonjwa wa moyo, na yeyote anayeyafanya asishike waya kwa mkono mtupu. Moto wa koili ni mkali.

Rota inahitaji maneno yake, kwa sababu ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Ni kipande cha plastiki chenye ulimi wa shaba, kinavalishwa juu ya mhimili, na ukikitazama kinaonekana kizima hata kikiwa kimekufa. Plastiki ikitoboka kwa ndani, hata tundu lisiloonekana, moto unapita katikati yake na kuingia kwenye mhimili wa chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Rota za bei rahisi zenye ribiti karibu na mhimili huwa na tatizo hili hata zikiwa mpya. Kipimo chake hiki hapa: kofia ikiwa imeondolewa, shika ule waya mnene wa katikati kwa plaizi, ncha yake iwe milimita chache juu ya shaba ya rota katikati, piga stata. Rota nzima haipokei kitu, kwa kuwa moto hauna pa kwenda. Cheche nene ikiruka kuingia kwenye rota, rota imetoboka. Nimeshapima rota mpya kutoka kwenye pakiti yake ikapokea cheche papo hapo mezani kwangu, na ile ya zamani iliyotolewa ikakataa. Tulirudisha ya zamani, na gari likaondoka. Ndiyo maana nawasihi watu wasitupe kifaa cha zamani kabla kipya hakijapimwa.

Kwa upande wa umeme mdogo, tasta inatosha. Fungia kibanio chake kwenye bodi, gusa ncha kwenye kichwa cha koili upande unaokwenda distribyuta, washa swichi. Zungusha injini taratibu kwa hendeli. Pointi zikifungana, taa izime. Zikiachana, taa iwake. Ikiwaka muda wote, pointi hazigusani, au ni chafu, au kuna waya uliokatika kati ya koili na pointi. Ikizima muda wote, ama umeme haufiki kutoka kwenye swichi, ama pointi zina shoti, na hili la pili hutokea sana pale mtu alipofunga pointi mpya akasahau pete ya plastiki inayozitenga na sahani. Pointi mpya pia huja na ute wa kuzuia kutu. Zifute kwa kitambaa kisafi chenye spiriti kabla ya kuzifunga. Na usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imezima na pointi zimefungana. Koili itachemka.

Kondensa hutambulika kwa macho. Tazama pointi wakati stata inapigwa: kicheche kidogo ni kawaida, lakini ukiona moto mweupe mnene unaruka pale kila zinapofunguka, na kwenye plagi cheche ni ya njano na dhaifu, kondensa imekufa. Kondensa na koili wana tabia ya kufa wakiwa na joto na kufufuka wakipoa, jambo linalowachanganya watu wanaosafiri mchana kati ya Hedaru na Same. Gari likizima jua kali na kukubali baada ya kupumzika kivulini, lipime palepale lilipozima, bado likiwa la moto. Ukisubiri lipoe, utapima gari zima.

Kisa ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni cha mwalimu mmoja mstaafu wa Suji, mwenye Land Rover ndefu ya Series III. Alifika gereji na mfuko: koili mpya imeshafungwa na ya zamani imo mfukoni, waya za plagi hivyohivyo, hata pampu ya petroli.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hili gari linanitia aibu. Nikitoka Makanya kupanda kwangu na mifuko ya saruji, linapanda bila neno. Nikishuka, nikashika lami kuja huku Same, linakohoa mpaka abiria wananitazama."

"Ukilikanyaga mpaka chini pale lami?"

"Linatulia."

"Ukiachia kidogo?"

"Linaanza tena. Wameniambia petroli ina maji."

Petroli yenye maji haichagui mlima au tambarare. Na injini yenye mafuta pungufu huanza kulalamika mlimani, ambako inayahitaji zaidi, siyo kwenye lami mguu ukiwa mwepesi. Gari la Mwalimu lilifanya kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichonionyesha pa kutazama.

Ubavuni mwa distribyuta kuna kidude cha bati cha mviringo chenye kibomba chembamba kinachotoka kwenye kabureta. Mguu ukiwa mwepesi barabara tambarare, injini huvuta hewa kwa nguvu kupitia mlango uliofunguka kidogo, na mvuto huo hufika kwenye kile kidude, nacho huigeuza sahani inayobeba pointi ili cheche itoke mapema zaidi. Ukikanyaga mpaka chini kupanda mlima, mvuto hupotea na sahani hurudi mahali pake. Kwa hiyo kwenye gari la Mwalimu kuna kitu kilichoharibika kila sahani ilipogeuka na kupona kila iliporudi. Juu ya sahani hiyo kuna waya mbili fupi zinazojipinda kila safari: mmoja huleta umeme kwenye pointi, mwingine ni wa athi, unaoiunganisha sahani na bodi.

Niliondoa kofia na rota. Nikazungusha injini kwa hendeli mpaka kisigino cha pointi kikakaa katikati ya ubapa wa kemu, pointi zikiwa zimefungana kabisa, ili sahani ikigeuka kidogo zisije zikafunguka zenyewe na kunidanganya. Nikafunga tasta kwenye koili, swichi imewashwa. Taa ilizima, kama inavyotakiwa. Kisha nikachomoa kile kibomba kwenye kabureta, nikakitia mdomoni na kunyonya. Sahani ikageuka, na taa ikawaka. Nikaachia: sahani ikarudi, taa ikazima. Mwalimu alikuwa ameinama begani kwangu. Akaniomba nirudie.

Nikashikilia pumzi na kuugusa waya wa athi kwa kijiti cha mti. Taa haikutikisika. Nikaugusa ule mwingine, ikazima na kuwaka, ikazima na kuwaka. Kwa nje waya ule ulikuwa mzima, gamba lake halina jeraha. Nilipoutoa na kuupinda, ulikunjika kwa urahisi sehemu moja, kwa sababu nyuzi zote za ndani zilishakatika na gamba peke yake ndilo lililozishikilia ncha zigusane. Nilichonga gamba kwa wembe nikamwonyesha: shaba imekuwa nyeusi, ncha zake zimechongoka.

Waya wa kuziba pale si wowote. Lazima uwe laini, wenye nyuzi nyingi nyembamba, na uachwe na ulegevu wa kutosha sahani igeuke bila kuuvuta. Nimekuta distribyuta zilizowekewa kipande cha waya wa nyumba. Huo ni mgumu, huizuia sahani, na haukawii kukatika palepale. Nilimchomelea Mwalimu waya laini kwa risasi, nikarudia kunyonya kibomba, taa ikabaki imezima. Akaondoka kwenda Makanya na kurudi kabla ya kulipa, kama nilivyomwomba, na gari halikukohoa. Koili yake ya zamani niliipima kwa mita mbele yake: njia ya umeme mdogo ilikuwa na omu tatu hivi, ndivyo inavyotakiwa kwa koili ya volti 12 ya aina ile. Nzima kabisa. Nikamwambia aiweke kwenye boksi la gari iwe akiba.

Wengi huniuliza kama si afadhali kuondoa pointi na kuweka kifaa cha elektroniki chenye sumaku, ambacho hakichakai wala hakihitaji kurekebishwa pengo. Kwa gari linaloishi mjini nakubali bila ubishi: cheche inakuwa sawa siku zote na injini inatulia. Kwa gari linalopanda Mbaga wakati wa masika, bado napendelea pointi. Kifaa cha elektroniki kikifa, kimekufa, na huna la kufanya hadi upate kingine. Pointi zikisumbua, unazisugua kwa msasa laini, unaweka pengo kwa fila, unaendelea na safari. Anayeweka elektroniki abebe pointi zake za zamani na kondensa ndani ya gari, zikiwa zimefungwa kwenye nailoni.

Jambo la mwisho ni mhimili wenyewe, maana linaharibu kazi nyingine zote. Ondoa rota, shika ncha ya mhimili, uyumbishe kushoto na kulia. Ukicheza, bushi imelika, na pengo la pointi utakaloweka halitadumu, kwa sababu kila pembe ya kemu itafungua kwa kiasi chake. Injini itatetemeka gari likiwa limesimama na hakuna kipuri kipya cha juu kitakachoiponya. Chanzo chake ni ukavu: chini ya rota kuna kifundo cha sufi kinachotakiwa kupewa matone mawili ya oili kila huduma, na kemu ipakwe grisi kidogo sana, na watu hawafanyi. Bushi ikishalika, usinunue distribyuta nyingine iliyotumika, maana nayo huenda imelika vilevile. Ipeleke hiyo yako Moshi kwa fundi wa mashine ya kuchonga, mwambie akutengenezee bushi ya shaba nyeusi na aipime akiwa na mhimili wako mkononi. Kabla ya kuing'oa, weka alama kwa patasi pale inapokaa kwenye injini na pale rota inapoelekea, na ufunge namba kwenye kila waya wa plagi. Ikirudi, irudishe kwenye alama zako, kaza kibanio, kisha pima taimingi upya kwa tasta kabla hujashika njia ya mlimani.